Majirani zangu Wajerumani wanaogopa Kiingereza, nifanyeje?

SWALI: Salaam mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na huu ni mwaka wangu wa 9 hapa Leipzig, nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Majirani wameniomba niwaongoze katika kikundi cha kuzungumza Kiingereza, Alhamisi moja kila baada ya wiki mbili, kwenye chumba cha jumuiya cha mtaa wetu. Si darasa, na hakuna ada. Wako 9, wengi wamepita miaka 60. Tumekutana mara 3. Mara ya kwanza waliongea kidogo. Mara ya pili na ya tatu tuliishia kwenye Kijerumani, na bwana mmoja ndiye aliyesema karibu jioni nzima. Wakikosea sijui niwasahihishe au niwaache. Na zaidi ya yote, mimi si Mwingereza, najiona kama ninawadanganya. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, salaam zimefika. Nianze na lile uliloliweka mwisho, maana ndilo linalokunyima raha, na ukiingia nalo chumbani Alhamisi ijayo hakuna mbinu yangu hata moja itakayokufaa. Humdanganyi mtu. Majirani zako walijua unatoka Mombasa walipokuja kukuomba. Hawakutafuta Mwingereza, walikutafuta wewe. Nami baada ya miaka mingi ya kufundisha watu wazima Kiingereza katika madarasa ya jioni hapa Ujerumani, na kukaa katika vikundi kama hicho chako, nakuambia kwamba mtu aliyekulia kwenye Kiswahili anaingia katika kazi hii na mali ambayo Mwingereza wa kuzaliwa hana.

Mali ya kwanza iko mdomoni mwako. Kijerumani hakina zile sauti mbili zilizomo katika "think" na "this", ndiyo maana unawasikia wakisema "sink" na "zis". Sisi tunazo zote mbili tangu utotoni, "thamani" na "dhahabu", na mtu wa Mombasa hazichanganyi. Mimi huanza na Kiswahili kwanza. Nawaambia waseme "dhahabu", nawaonyesha ncha ya ulimi ikigusa meno ya juu na pumzi ikipita hapo katikati, na wanaisema bila aibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwapa alama mbaya ya Kiswahili. Wakishaipata ndipo nawapa "this". Fanya hivyohivyo na "vazi" na "wazi". Kwa Kijerumani herufi w husomwa kama v yetu, basi "wine" inatoka "vine", na yule aliyewahi kukaripiwa shuleni kwa kosa hilo anapitiliza upande wa pili na kusema "willage" badala ya "village". Dakika 3 za "vazi, wazi" zinatosha kwa jioni moja. Kuna na hii ya mwisho wa neno: Mjerumani akifika kwenye d, b au g mwishoni, huzikaza zikawa t, p, k, na "bad" inasikika "bat". Mwambie asiseme neno peke yake, aliunganishe na linaloanza na irabu: "bad idea". Hapo d inapata pa kuegemea.

Mali ya pili ni kwamba Kiingereza ulikisomea. Mwingereza akisikia "I live here since forty years" anajua tu kwamba si sawa, lakini sababu mara nyingi hawezi kuieleza. Wewe unaweza, kwa kuwa sisi pia tunasema "naishi hapa tangu 2016", kwa wakati uliopo, vilevile kama wao, na sina shaka wewe mwenyewe uliwahi kukatwa alama kwa kosa hilohilo. Lakini "I have seen him yesterday" inakukwaruza sikio, maana kwetu "nimemwona" na "nilimwona" ni vitu viwili, na mwenye "jana" huchukua cha pili. Kijerumani cha mazungumzo hakitengi namna hiyo: "ich habe ihn gestern gesehen" ndivyo wanavyosema wote. Basi unajua wanapojikwaa na unajua jiwe lenyewe liko wapi.

Mali ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, na ilinichukua muda kuiona. Hukukulia nyumbani kwao.

Jioni moja niliwaambia watu wa kikundi changu kila mmoja aje na kitu kimoja kutoka jikoni kwake. Mzee mmoja, dereva mstaafu wa tramu, ambaye katika mikutano 5 alikuwa amesema labda sentensi 10, alitoa mfukoni kidude cha plastiki cha rangi ya chungwa, kidogo kama kifuniko cha chupa, kina shimo katikati. Nilikichukua nikakigeuza. Kwetu Tanga sijapata kukiona. Nikakibonyeza kwa kidole, sindano ikachomoza. "It is for the egg," akasema. Nikamuuliza yai linafanywa nini. "You make a hole. Before you cook." Kwa nini? Hapo akakwama, akachukua kalamu yangu, akachora yai, akaweka alama upande ule butu. "Here is air. The air becomes hot. It wants out." Na bila tundu? Akapanua vidole vyote ghafla: "Crack!" Mama aliyekaa mbele yake akaruka kusema kwamba mama yake hakuwahi kutoboa yai maisha yake yote na mayai yake hayakupasuka, kwa sababu huyatoa kwenye friji saa moja kabla. Mzee akabisha. Mwingine akauliza dakika ngapi. Ubishi wa yai ulikwenda dakika 20, kwa Kiingereza, na hakuna aliyerudi kwenye Kijerumani, ingawa wote walijua Kijerumani nakielewa. Walikuwa wana kitu cha kunieleza ambacho kweli sikijui, na uso wangu ulionyesha kwamba sikijui.

Mwingereza anaweza kuuliza maswali hayohayo, lakini mengi ya nyumbani kwao anayafahamu au anafanana nayo. Wewe una miaka 9 Leipzig, na bado yako mambo chungu nzima ya maisha yao ambayo huyajui au huyaelewi. Yakusanye. Usione haya kuuliza. Kila ulilolishangaa kwa jirani, la mapazia, la viatu mlangoni, la chakula cha jioni cha mkate, bila kupika, ni mazungumzo ya nusu saa yanayokungoja.

Kwa hiyo usikae pale kama mwalimu. Wewe umetoka Mji wa Kale au hata kama si wa Mji wa Kale, baraza unaijua. Mwenye baraza hafundishi mtu. Anaona kahawa ipo, anamsogeza mgeni apate pa kukaa, anamuuliza aliyenyamaza habari za safari yake, na mwenye maneno mengi anajua namna ya kumpokonya zamu bila kumvunjia heshima. Wajerumani nao wana baraza yao, wanaiita Stammtisch, ile meza ya mkahawani inayowekwa kwa ajili ya watu walewale siku ileile. Wakikuuliza kikundi hiki ni nini, waambie ni Stammtisch ya Kiingereza. Watajua papo hapo kwamba hakuna mtihani.

Ukimya wao usiuchukulie kuwa ni baridi ya Wajerumani, kama watu wetu wanavyopenda kusema. Angalia umri wao na mahali walipokulia. Katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki, na Leipzig ilikuwa humo, kila mtoto alianza Kirusi darasa la 5. Kiingereza kilikuja darasa la 7 kama lugha ya pili ya kigeni, kwa hiari, na wako ambao hawakukigusa kabisa. Na hata aliyekisoma, angekitumia na nani? Hadi 1989, mipaka ilipofunguliwa, London kwake ilikuwa jina kwenye ramani. Upande wa Magharibi majimbo yalikubaliana mwaka 1964 kwamba hata shule za watoto wa mafundi na wafanyakazi zifundishe lugha ya kigeni, kwa kawaida Kiingereza, kuanzia darasa la 5, ndiyo maana mzee wa Köln na mzee wa Leipzig wa umri mmoja hawana Kiingereza kimoja. Ongeza na hili, kwamba filamu za nje huku hutiwa sauti ya Kijerumani, sinemani na kwenye televisheni. Watu wako wamewaona waigizaji wa Marekani miaka 50 bila kuzisikia sauti zao halisi. Sikio halijazoea, mdomo haujazoea, na kumbukumbu waliyobaki nayo ya kusema lugha ya kigeni ni ya kusimama mbele ya darasa na kusahihishwa. Anayekuambia "I can no English" huku akikuambia kwa Kiingereza, ndiye huyo.

Sasa chumba. Nina hakika mnakaa kwenye meza moja ndefu. Meza hiyo ndiyo inayompa yule bwana jioni nzima, kwa sababu kwenye meza ya watu 10 anayeweza kuongea ni mmoja tu, na atakuwa yuleyule asiyeogopa. Fika nusu saa kabla, uzitenganishe. Watu 9, meza 3, watu watatu watatu. Nimejaribu wawili wawili, hadithi zao huisha haraka na kinachofuata ni kutazamana. Wanne, mmoja hujificha. Watatu wanakaa sawa, mmoja anasimulia, mmoja anauliza, mmoja anapumzika huku akitafuta maneno yake. Wape dakika 20 hivyo kabla ya kuwakusanya wote pamoja, na wakikusanyika kila mtu aeleze alichosikia kwa mwenzake, si habari zake mwenyewe. Hapo hata mwoga anasema, kwa kuwa makosa hayamhusu yeye na mambo anayoyasimulia si yake.

Yule bwana msemaji usimpige vita. Mara nyingi mtu wa namna hiyo anauogopa ukimya kuliko nyinyi wote, na anadhani anakusaidia. Mvute pembeni kabla ya kuanza, umwambie wazi kwamba unahitaji msaada wake: katika kundi lake leo yeye ni muulizaji, asimulie mwishoni tu. Mimi nilimpa mmoja kazi ya kuhakikisha kila mtu mezani kwake ameulizwa maswali 3, na aliifanya kazi hiyo kwa umakini nisioutarajia. Alikuja na orodha.

Kijerumani kikianza kuingia, usitoze faini. Najua vikundi vyenye kopo la senti, anayesema Kijerumani anatia kitu. Wale wanaosema kwa shida ndio wanaolipa, na baada ya wiki chache hawaji. Sheria yangu ni moja: neno la Kijerumani linaruhusiwa, sentensi ya Kijerumani hairuhusiwi. Mtu akikosa jina la kitu alitie la Kijerumani katikati na sentensi iendelee mbele. Wafundishe mapema kuomba: "What's the word for...?" na wengine wote wamsaidie, wewe uwe wa mwisho kujibu. Ukimya wa sekunde 10 pia uuache. Utauona mrefu sana, utataka kuujaza. Shika kikombe chako unywe.

Wajerumani niliowakuta mimi wanapenda kujiandaa, basi usiwanyime. Jumatatu tuma mada ya Alhamisi, mstari mmoja tu, ili mwenye kutaka kufungua kamusi afungue. Ila wasije na karatasi ya kusoma. Kadi ndogo yenye maneno 5 inatosha, na anayekuja na hotuba nzima mwombe kwa upole aiweke chini ya kikombe.

Kusahihisha. Hapa nakueleza kosa langu mwenyewe. Kikundi changu cha kwanza nilikiua kwa kusahihisha. Nilikuwa nimetoka kufundisha darasani mchana, jioni naendelea na kazi ileile: mtu akisema "yesterday I have" namkatiza, akisema "informations" namkatiza. Nilidhani ndiyo huduma. Mama mmoja alikuwa anasimulia jinsi mwanawe alivyohamia Kanada na jinsi chumba chake kilivyobaki, nikamsahihisha kitenzi katikati. Akasahihisha, akasema "thank you", akanyamaza. Hakuimaliza hadithi yake na hakuna aliyemwomba aimalize. Wiki zilizofuata walikuja 6, kisha 4, kisha 2. Sijaisahau sura yake alipokuwa anatengeneza kile kitenzi.

Tangu siku ile nina daftari dogo la mfukoni. Mtu akisema namtazama yeye, daftari naliandika wakati mwingine amepokea zamu. Kosa la kawaida nalijibu kwa kulisema sawa ndani ya swali langu. Akisema "I live here since forty years", namwambia "You've lived here for forty years? In the same flat?" na mazungumzo hayakatiki. Dakika 10 za mwisho natoa makosa 3 kutoka daftarini, matatu tu, bila kutaja nani kayasema. Watakuomba zaidi. Watakuambia "please correct me, always". Waahidi hizo dakika 10, na uzitunze kweli, kwa sababu wanaotaka kusahihishwa nao wana haki yao, na asiyeona amejifunza chochote naye huacha kuja. Ukisifu, sifu kitu kinachoonekana. "Your English is very good" hawaiamini. Mwambie kwamba mwezi uliopita alisimulia habari za safari yake yote kwa wakati uliopo na leo amesema "went" na "saw" bila kusita. Hiyo ataibeba hadi nyumbani.

Yapi yaingie katika hayo matatu? Watu hupenda kucheka na maneno mapacha: "Gift" kwa Kijerumani ni sumu, "Chef" ni bosi, "Handy" ni simu ya mkononi, na "bekommen" ni kupata, ndiyo maana mtu anaagiza mkahawani "I become a coffee". Yachekeni mara moja, yatapita, hayamdhuru mtu kwa sababu msikilizaji anajua papo hapo kwamba kuna kosa. Mimi nayaogopa yale yanayopita kimya. Mjerumani akisema "we will eventually come" anakusudia labda watakuja, kwa maana ya "eventuell" ya kwao, na mwenyeji Mwingereza anaelewa kwamba watakuja tu, hata wakichelewa. Anaposema "I finish it until Friday" anakusudia kufikia Ijumaa. Kiswahili kinatenga "hadi Ijumaa" na "kufikia Ijumaa", wao wana "bis" moja kwa yote. Saa nayo: "halb zehn" ni 9:30, lakini Mwingereza akisema "half ten" ni 10:30, na sisi tulio na saa tatu na nusu yetu tunajua uchungu wa kukosana kwa saa. Miadi yote iandikeni kwa tarakimu.

Lakini linaloumiza kuliko yote ni "must not". "Du musst nicht" maana yake si lazima. Basi mama mwema anamwambia mgeni "you must not bring a cake", akiwa na nia ya kumpunguzia mzigo, na mgeni anasikia kwamba keki ni marufuku. Tulikuwa na mgeni kutoka Scotland aliyeambiwa hivyo mlangoni. Aliiweka keki yake chini ya kiti, na hatukuiona mpaka alipokuwa anaondoka nayo. Kosa kama hilo simngojei mtu wa pili alirudie.

Na dawa ya hilo unayo mjini kwako. Leipzig ndiyo nyumbani kwa zile bustani ndogo za mjini zenye vibanda na uzio, Schrebergärten. Chama cha kwanza chenye jina hilo kilianzishwa hapo mwaka 1864 na mkuu wa shule Ernst Innocenz Hauschild, kwa heshima ya daktari Moritz Schreber. Mwanzo kilikuwa na uwanja wa watoto kuchezea, bustani zikafuata. Katika watu wako 9 sitashangaa kama wawili watatu wana bustani, au wako kwenye orodha ya kuingojea. Na bustani hizi zina sheria ya taifa zima: kiwanja kisizidi mita za mraba 400, kibanda kisizidi 24, na hakitakiwi kuwa mahali pa kuishi moja kwa moja. Juu yake kila chama kina kanuni zake za ukimya, za miti, za kimo cha uzio. Waulize tu: "What must you not do in your garden? And what don't you have to do?" Wale wasio na bustani wawahoji wenye nazo. Utapata malalamiko ya jirani, utapata nyanya, utapata hadithi ya baba aliyejenga kibanda kwa mbao za kuokota, na hiyo "must not" itasemwa mara 30 bila mtu kuhisi yuko darasani. Jumba la makumbusho ya bustani hizo liko hapohapo mjini. Mkishazoeana, nendeni pamoja, Kiingereza njiani.

Kuhusu mada nyingine sina mengi. Epuka "what are your hobbies", inaisha kwa neno moja. Epuka pia mada pana kama hali ya dunia, kwa sababu hata kwa lugha yake mtu hana sentensi zake za kuisema. Chukua kitu kidogo chenye bei, chenye kanuni, au chenye kugombewa. Amana ya chupa, kwa mfano, ile pesa unayorudishiwa ukirudisha chupa tupu, senti 8 kwa chupa ya bia na senti 25 kwa kopo: nani nyumbani anazirudisha, na hizo pesa ni za nani?

Jambo moja ni la uangalifu. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliandamana katika barabara ya mzunguko ya Leipzig kuipinga serikali ya Ujerumani Mashariki, na watu wako walikuwa vijana wakati huo. Utatamani kuuliza. Usiulize mezani, na si mwezi huu. Wako waliotembea, wako waliokaa nyumbani kwa hofu, na huenda yuko aliyekuwa upande mwingine. Siku mmoja wao akilianza mwenyewe, acha ratiba yako yote, weka daftari mfukoni na usisahihishe hata neno moja. Wengine husema lugha ya kigeni inawawezesha kuyatamka mambo ambayo kwa lugha yao yamekaa karibu mno. Nimeliona hilo kwa macho yangu mara mbili tatu.

Majina. Kiingereza kina "you" moja, na kikundini wengi wataitana kwa jina la kwanza. Lakini kwa Kijerumani walikuwa wanaitana "Sie", yaani wewe ya heshima, na kwa desturi yao aliye mkubwa ndiye anayemkaribisha mdogo kwenye "du", wewe ya watu waliozoeana. Usishangae majirani wawili walioitana kwa majina ya kwanza jioni nzima wakikutana kesho dukani na kurudi kwenye "Frau" na "Herr", yaani Bibi na Bwana. Hawajagombana. Nawe kama kumwita mzee wa miaka 75 kwa jina lake la kwanza kunakukwama kooni, kama kunavyonikwama mimi, weka kadi mezani kila mtu aandike anavyotaka kuitwa, na ufuate hivyohivyo. Hilo la heshima litakusaidia kwa njia nyingine pia. Kiingereza chao kinaweza kusikika kikavu, "I want", "that is wrong", na "please" wanapokupa kitu, kwa sababu "bitte" yao ina kazi nyingi. Wewe umelelewa na "naomba" na "samahani", unajua mahali ambapo sentensi inataka kulainishwa. Wape "could I" na "I'm afraid" kama unavyompa mtoto "shikamoo".

Mengine ni ya haraka. Dakika 90 zinatosha. Agosti pumzikeni, na Desemba msipange mengi kwa kuwa kila chama na kila kwaya ina sherehe yake. Namba za simu usizisambaze bila kumwomba kila mmoja ruhusa. Sheria ya Ulaya ya taarifa binafsi inatumika tangu Mei 2018, na hata bila sheria watu wa huku wanaliona hilo ni adabu. Asiyetaka kundi la WhatsApp apate baruapepe. Ada usianzishe, kikapu cha kahawa kinatosha. Na anayetaka cheti au anayekuuliza kiwango chake cha lugha ni A2 au B1 mwelekeze Volkshochschule ya hapo, shule ya elimu ya watu wazima, wana madarasa mazuri ya bei nafuu, na aendelee kuja kwako kuyatumia aliyoyasoma.

Basi Jumatatu watumie ujumbe: kila mmoja aje Alhamisi saa 19:00 na kitu kimoja kutoka jikoni kwake ambacho anadhani wewe hukijui. Wakifunge kwenye mfuko wa karatasi, kisionekane. Wewe njoo na mbuzi yako ya kukunia nazi, kama ulikuja nayo Leipzig, uiweke katikati ya meza ya kwanza, na wakikuuliza ni nini, usiwajibu mpaka kila mmoja amebahatisha.